Mwaka unaisha, tumshukuru mwalimu aje?

Mama Kayole: Wazazi habari zenu, wangu yuko gredi ya tatu shule ya umma, Januari alikuwa anasoma kwa kukwamakwama saa hii ananisomea mpaka pakiti ya unga, mwalimu anabaki nao jioni na hajawahi kutudai hata senti. Tumpe nini kabla wafunge?

Baba Dandora: Hongera mama! Huku pia lunchi ya Dishi na County, ule mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni, imesaidia sana, shilingi 5 tu, mtoto anagusisha bangili kwa mashine anapewa sahani, mchana hasinzii darasani.

Mwalimu wa mtaa: Leteni vitabu vya hadithi vya darasa, vyetu vimeraruka na watoto wanaving'ang'ania.

Mama Kayole: Asante mwalimu, naweka kwa grupu leo tuanze kuchanga.