Naomba ushauri: ovataimu imetukosesha nyumba ya kipato cha chini

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu.

Tupo Marekani, mimi, mke wangu na mtoto mmoja. Tumeomba nyumba ya kupanga iliyotengwa kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo letu. Wanahesabu kipato ghafi, kabla ya makato, kwa miezi 12 ijayo. Hapo ndipo tulipokwama. Hati zangu za mshahara za karibuni zina ovataimu nyingi kwa sababu nilikuwa namshikia zamu mfanyakazi mwenzangu aliye likizo ya ugonjwa. Meneja wa nyumba akaichukua ile ovataimu, akaizidisha kwa mwaka mzima, tukavuka kikomo kidogo tu. Nilimweleza kwamba mwenzangu anarudi mwezi ujao, akasema anafuata karatasi. Inaniuma, maana hela yenyewe haitakuwepo.

Nimeshamwomba mwajiri barua, bado sijaipata.

Naomba kujua: barua hiyo iandikwe nini hasa ili ikubalike? Pia mke wangu ni mjamzito. Mtoto aliye tumboni anahesabiwa kwenye idadi ya familia, ili kikomo chetu kiongezeke?

Aliyepitia haya anisaidie, tafadhali.