Mahojiano ya pwani kwenye Whisper: maandishi safi, maana imepinduka

mnukuzi_pwani:
Wakuu, habari. Nina rekodi za mahojiano na wavuvi wa Pangani, kila moja inakaribia saa nzima. Nanukuu kwa Whisper, programu ya AI inayogeuza sauti kuwa maandishi, modeli yake ya medium (ya ukubwa wa kati). Faili moja limetoka lote kwa herufi za Kiarabu. Msemaji akinyamaza, sentensi ileile inajirudia mpaka inajaza ukurasa. Na mteja, kwa kuwa anajua natumia AI, anataka bei ishuke nusu. Nifanyeje?

fundi_sauti:
La Kiarabu ni jepesi. Usipotaja lugha, Whisper hukisia kwa sekunde 30 za mwanzo tu, kisha hushikilia hapohapo hadi faili liishe. Mzee akifungua kwa salamu ndefu na dua, umekwisha.

Marudio yanatokana na jinsi inavyofanya kazi: sauti hukatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande huongozwa na maandishi ya kilichotangulia. Kosa likishaingia linajilisha lenyewe. Tumia amri hii, inayotaja lugha (sw ni Kiswahili) na kuzuia kipande kisiongozwe na kilichotangulia:

whisper pangani.wav --model large-v3 --language sw --condition_on_previous_text False

Ina gharama yake. Majina utakayoweka kwenye --initial_prompt (maneno ya kuidokezea mapema) yatasaidia kipande cha kwanza pekee, kwa hiyo vijiji na aina za samaki utasahihisha kwa mkono. Large inataka kadi ya picha yenye memori ya GB 10 hivi, medium GB 5. Kimya kirefu kikate kabla, maana penye upepo na mawimbi matupu inaweza kubuni maneno. Kubadili faili kuwa 16 kHz mono (muundo wa sauti ambao Whisper husoma) usihangaike, inafanya yenyewe. Ila kama maikrofoni zilikuwa mbili, moja kushoto na moja kulia, zitenganishe kwanza. Whisper haijui nani anasema.

mhariri_K:
Marudio angalau yanaonekana kwa macho. Hatari ni yasiyoonekana. Wasemaji wengi hudondosha h, basi "hana mashua" inasikika "ana mashua". Mashine itachagua mojawapo na kuiandika vizuri kabisa, na nukta mwishoni. Tafuta kila "ana" na "hana" ndani ya faili, urudi kusikiliza sauti ya hapo. Inachosha, lakini kosa moja la namna hiyo linageuza jibu zima la utafiti.

Kama mteja anataka na Kiingereza, --task translate (amri ya kutafsiri) isipite bila kukaguliwa. "Saa tisa usiku", mtu anaposhuka baharini, inaweza kubaki tisa wakati ni saa 3 alfajiri kwa hesabu ya Kizungu. Na "alisema" haitaji jinsia: mama muuza dagaa anaweza kugeuka mwanamume katikati ya aya.

mnukuzi_pwani:
Asante mkuu, hilo la ana/hana sikuliwaza. Na bei?

Bi_Tafsiri:
Usikubali bei ya ukurasa. Toza kwa dakika ya sauti, na iwe na madaraja: chumba kimya, nje, watu zaidi ya wawili. Kunukuu kwa mkono saa moja ya sauti huchukua saa 4 hadi 6. Rekodi safi, mashine inapunguza sana. Ya ufukweni yenye injini za boti, kuna wakati kuandika upya ni haraka kuliko kusahihisha. Kata dakika 5 za katikati (mwanzoni watu huongea kwa adabu na polepole), sahihisha, pima muda, ndipo utaje bei. Mwoneshe mteja ukurasa huo na masahihisho yake.

Ukiwa na mwanafunzi wa kazi, dakika 10 za kwanza anukuu mwenyewe kabla hajaona maandishi ya mashine. Anayeanza kwa kusoma, sikio lake husikia alichokisoma, na hiyo "ana" ataipitisha.

Halafu endesha Whisper kwenye kompyuta yako. Tovuti za kunukuu bure hupeleka sauti za watu kwenye seva za wengine, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kama fomu ya ridhaa waliyosaini wavuvi haitaji hilo, usipakie.