MJADALA: Udongo wa bara unaishia Malindi, nani alipe kuuzuia?

Mtoto wa Shela: Wadau tuongee hii kitu bila matusi. Nimekulia Malindi, na vuli ikishanyesha sawasawa huko bara, hazipiti siku nyingi bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mto ni mmoja tu, juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, kwetu ni Sabaki, na unazoa udongo kuanzia viunga vya Nairobi, Machakos, Makueni, Kajiado, unakuja kuutapika hapa kaskazini ya mji. Kinachotumaliza ni upepo. Wakati wa kusi matope yanasukumwa upande wa Ngomeni, kaskazini zaidi, lakini kaskazi ikiingia, ambayo ndio inakutana na hiyo vuli, yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye matumbawe. Hifadhi ya bahari iko toka 1968, wewe ukivua ndani unashikwa, matope yanaingia bila tiketi. Na si hadithi za wazee, wanasayansi walitoboa tumbawe moja hapa lenye miaka kama 300, wakalisoma tabaka kwa tabaka, wakakuta udongo umeongezeka vibaya sana karne ya 20, baada ya ardhi huko juu kuanza kulimwa na kulishwa kwa nguvu. Sasa mimi nasema mkulima na mfugaji wa juu wasaidiwe kwa pesa, hata kama zitatoka huku kwetu. Mnaonaje?

Baharia: Yaani mtu alipwe ndio asiharibu shamba lake mwenyewe?? Mvuvi akitumia nyavu haramu anapelekwa kortini, hakuna anayemwambia shika hii hela ununue nyavu nzuri. Hata Australia, kule Queensland, shida ni hii hii, udongo wa mashamba ya miwa na ya ng'ombe unaishia kwenye matumbawe, walitoa ruzuku miaka na miaka lakini 2019 bunge likakaza sheria, wakulima wakapiga kelele weee, ikapita. Sheria kwanza.

Wa Makueni: Ndugu unaongea kama sisi tunafurahia udongo ukienda. Huo udongo ndio ugali wangu. Na hayo ya lazima tumeyaona zamani bana, mkoloni aliwachimbisha matuta nyanya zetu kwa amri, 1938 akaja kupunguza ng'ombe kwa nguvu, Wakamba wakaandamana kwa miguu mpaka Nairobi, na Muindi Mbingu akakamatwa akapelekwa kizuizini wapi? Lamu! Huko huko kwenu. Uhuru ulipofika yale matuta ya amri mengi yakaachwa. Yaliyodumu ni yale watu walichimba wenyewe kwa mwethya, yaani vikundi vyetu vya kusaidiana kazi, baada ya kuona mahindi yanasimama hata mvua ikiwa kidogo. Hayo matuta ya fanya juu si jambo la kusoma, unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, tuta unalipanda napia, ng'ombe anakula. Lakini ni jembe na mgongo, na vijana wote wako Nairobi, mimi na mama watoto tumechimba nusu ya shamba tukachoka. Alafu mbona hamsemi lori za mchanga? Zinachota mtoni usiku kucha kingo zinaporomoka, mkulima ndio anatajwa.

Mfugaji Kajiado: Na sisi mnatutaja tu kama wakosaji. Ng'ombe anashuka mtoni kwa sababu maji ndio yako huko, anakanyaga ukingo, majani yanaisha. Nichimbieni silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, huku juu uone kama nitamteremsha.

Baharia: Sawa la silanga nimekubali. Lakini pesa za nani? Hoteli za Malindi zenyewe zinahema.

Mtoto wa Shela: Si hoteli peke yake. Kule mto Tana upande wa juu wana mfuko wa pesa za kulinda maji toka 2015, wanaotumia maji chini wanachangia, mkulima wa huko Murang'a anasaidiwa miche, matuta na vidimbwi vya kuvuna maji. Watu wanasema Sabaki haiwezekani kwa vile hakuna anayeinywa, uongo! Visima vya Baricho viko kwenye mchanga wa Sabaki hiyo hiyo na maji yake yanaenda mpaka Mombasa. Kwa hivyo weka shilingi chache kwenye bili, ila zifike shambani zisiishie kwenye semina za hotelini. La lori umenishinda Wa Makueni, hapo hata mimi nataka sheria, na kali. Kwani kuchimbiwa eka moja siku hizi vibarua wanataka ngapi?

Wa Makueni: Inategemea unapika nini. Wakisikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wanapunguza.

Baharia: Haya nitakuja na samaki, kama mtatubakishia.