Printa ya leza ya A3 nyumbani kwa picha za rangi: nibaki nayo, nichukue mtumba wa ofisini, au nihamie wino wa matenki?

BintiMkwakwani (Tanga)
Habari za jioni wakuu. Natengeneza kalenda za ukutani na mabango ya kufundishia watoto wa chekechea: herufi, wanyama, matunda, viungo vya mwili. Kazi yote naifanyia nyumbani, chumba cha uani. Mwaka jana nilinunua printa ya leza ya rangi ya A3 iliyokwisha kutumika, ya katriji nne, 600 dpi (nukta 600 kwa inchi).

Maandishi na michoro inatoka safi kabisa. Shida ni picha. Nyuso za watoto zinakuwa nyekundu, bahari inaelekea zambarau, na kwenye anga naona chembechembe badala ya rangi iliyotulia. Nikitumia karatasi nene ya kung'aa, tona inabanduka nikipitisha ukucha.

Sasa nina njia tatu. Nibaki na hii nijifunze kuitumia. Nichukue mashine kubwa ya fotokopi ya rangi, mtumba wa ofisini kutoka Ulaya, ambayo fundi mmoja Kariakoo amenionyesha. Au ninunue printa ya wino wa matenki ya A3+ (kubwa kidogo kuliko A3). Nina mteja anayetaka kalenda 300 za kurasa 7 kabla ya Desemba, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nisaidieni.

Fundi_Tona (Dar es Salaam)
Dada, kabla hujatoa hela, tuanze na huo ukucha, maana ndio unaosema ukweli.

Tona ni unga wa plastiki wenye rangi. Leza inachora picha kwenye dramu, mrija unaozunguka, kwa chaji ya umeme, unga unashika pale palipochorwa, unahamia kwenye mkanda, kisha kwenye karatasi. Mpaka hapo unga umekaa juu tu, ukipuliza unaondoka. Kinachouganda ni fyuza, ile mirija miwili ya moto, nyuzi 180 hadi 200 hivi, inayouyeyusha na kuukandamiza. Karatasi nene inakunywa joto jingi. Ukiiacha mashine iamini imepewa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inaipitisha mbio na unga hauyeyuki vya kutosha. Ingia kwenye draiva, yaani programu ya printa kwenye kompyuta, sehemu ya aina ya karatasi, chagua nene au ya kung'aa kulingana na gramu zake, halafu weka aina hiyo hiyo kwenye trei kupitia vitufe vya mashine yenyewe. Utasikia inapunguza mwendo. Usiikatishe. Inaipa karatasi muda wa kupata moto.

Jambo la pili, na hili naomba ulishike sana: hiyo karatasi ya kung'aa ni ya leza au ya printa za wino? Nyingi ya zile zinazouzwa kama karatasi za picha zina tabaka la plastiki lililokusudiwa wino wa maji. Kwenye fyuza tabaka hilo linalainika, linanata, karatasi inajiviringisha kwenye mrija wa moto. Nimefungua mashine kadhaa zilizoharibika hivyo, na fyuza ndiyo iliyokwenda na maji. Soma pakiti. Kama haijaandikwa kwamba inafaa leza, usiiingize. Ile wachapaji wanayoiita art paper, ya gramu 130 au 150, ikiwa ya leza, inatosha kwa kalenda.

Tatu, uko Tanga. Karatasi iliyoachwa wazi pwani inavuta unyevu. Karatasi yenye unyevu haipokei chaji sawasawa, ndiyo unaona rangi imekaa mabaka mabaka, na karatasi inatoka imejikunja. Fungua rimu siku ya kazi, iliyobaki rudisha kwenye kifungashio chake, ifunge ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko.

PichaMwanza
Mimi ni wa matenki. Natumia Epson ya A3+ yenye wino sita. Zile mbili za ziada ni sayani (bluu ya kijani) hafifu na majenta (waridi iliyokolea) hafifu, na ndizo zinazoifanya ngozi ya mtu itoke laini, bila chembe. Kwa picha za harusi na familia, leza ya nyumbani haifiki hapo. Dada, kama wateja wako wanatazama nyuso, hamia huku.

KakaWaLikoni (Mombasa)
Nakubaliana nawe kuhusu nyuso, ndugu, lakini kasema mabango ya chekechea. Wino huo wa rangi sita kwenye mashine nyingi za matenki ni wa kuyeyuka majini. Mtoto akishika bango na mkono wenye maji, simba anachuruzika. Tona ni plastiki iliyoyeyuka, maji hayaifanyi kitu. Na kalenda 300 mara kurasa 7 ni shuka 2,100. Shuka moja ya A3 kwa ubora wa picha huchukua dakika kadhaa kwenye printa ya wino. Atakesha.

Mie nilichukua huo mtumba wa ofisini miaka mitatu iliyopita, basi niseme nilichokiona. Rangi ni nzuri kweli, kuliko leza ndogo niliyokuwa nayo. Inapiga 1200 dpi, inajisawazisha rangi yenyewe kila baada ya kurasa kadhaa, na inakubali karatasi nene bila kulalamika. Ila tuliibeba watu wanne. Chumba kimebaki nusu. Na muuzaji hakunambia kwamba mkanda wa kuhamishia rangi ulikuwa umekaribia mwisho. Baada ya miezi miwili nikaununua kwa bei iliyoniuma.

Ukienda kuangalia, omba uchapishiwe ripoti ya kaunta. Angalia jumla ya kurasa, kisha umri uliobaki wa dramu, mkanda na fyuza. Mashine nyingi za ofisi zinaonyesha kwa asilimia. Toa shuka ya A3 iliyojaa kijivu cha katikati, rangi moja moja. Kijivu hakifichi kitu: mstari, doa, upande mmoja kufifia, yote yanaonekana. Na usome kibati cha nyuma. Mashine ya Marekani ni ya volti 110 hadi 127, na fyuza yake imejengwa kwa umeme huo. Umeme wetu sote ni wa volti 220 na kuendelea.

Mchora_Ramani (Arusha)
Mmeongea karatasi na mashine. Mimi nachapisha ramani za wilaya za A3 kwa leza kila wiki, na naona nusu ya shida ya dada haiko kwenye printa kabisa. Iko kwenye faili na kwenye kioo cha kompyuta.

Picha hizo unazipataje? Kama zinakuja kwa WhatsApp kama picha za kawaida, mara nyingi zimeshushwa hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. A3 ina urefu wa milimita 420, karibu inchi 16.5. Gawanya: hata pikseli 100 kwa inchi hazifiki. Kwa A3 iliyotulia unataka angalau 200 kwa inchi, yaani 2339 kwa 3307. Mwambie mteja akutumie kama dokumenti, asitume kama picha.

Chembechembe za angani zina sababu yake. Tona haina hafifu na kolevu. Nukta ama ipo ama haipo. Ili kupata bluu nyepesi, mashine inapanga nukta chache ndani ya kisanduku, na jicho linazichanganya. Kwenye 600 dpi, ukitaka mistari 150 ya visanduku kwa inchi, kila kisanduku kina nukta 4 kwa 4, yaani 16. Ukihesabu na cheupe, hizo ni ngazi 17 tu za ukolevu. Kwenye 1200 dpi kisanduku kama hicho kina nukta 8 kwa 8, ngazi 65. Watengenezaji wana mbinu za kuongeza ngazi kwa kubadili ukubwa wa nukta, ila tofauti hubaki. Ndiyo maana kaka wa Likoni anaona mtumba wake umetulia. Katika draiva yako tafuta chaguo la picha au ubora wa juu. Chaguo la michoro linapanga nukta kwa ajili ya ncha kali.

Kuhusu nyekundu na zambarau: bluu iliyokolea ya kioo haipo ndani ya tona nne. Inaundwa kwa sayani na majenta, na majenta ikizidi kidogo tu, bahari inakuwa zambarau. Fanya hivi. Acha faili liwe sRGB, mpangilio wa rangi wa kioo, usiligeuze mwenyewe kuwa CMYK, ule wa tona nne. Halafu chagua mtu mmoja wa kusimamia rangi: ama programu, ama draiva. Vyote viwili vikishika usukani pamoja, rangi inarekebishwa mara mbili na nyuso zinawiva. Punguza mwanga wa kioo pia. Vioo vingi vinatoka dukani vikali mno, kwa hiyo kila kinachochapwa kinaonekana cha giza hata kama ni sahihi.

Na usihukumu shuka usiku chini ya taa. Iangalie asubuhi kando ya dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja.

PichaMwanza
Nakubali hoja ya maji na ya muda. Nabaki na nyuso tu. Na kwa atakayenunua ya matenki: chapisha walau shuka moja ya rangi kila wiki, wino usikauke kwenye vitundu.

MamaHesabu (Dodoma)
Hakuna aliyempigia dada hesabu ya zile 300, nami naona ndiyo inayoamua.

Chukueni mfano wa HP CP5225, ya A3. Katriji nyeusi inahesabiwa kurasa 7,000, za rangi 7,300 kila moja. Lakini kurasa hizo ni za A4 zenye rangi asilimia 5 tu. Shuka ya A3 ni A4 mbili. Ikiwa picha yako inabeba kila rangi kwa asilimia 30, hiyo ni mara sita, ukizidisha kwa mbili ni mara kumi na mbili. 7,300 gawanya kwa 12 ni shuka 608. Kazi yako ni 2,100. Unahitaji seti tatu na nusu, kwa hiyo utanunua nne, katriji kumi na sita. Dada, weka bei za katriji zako uone kama kalenda moja bado ina faida.

BintiMkwakwani
Nimeweka. Haina faida, inakula na mtaji. Asante mama, nilikuwa nahesabu karatasi peke yake.

Nimeshinda leo na majaribio, niwape majibu. Karatasi yangu ya kung'aa pakiti imeandikwa ya wino. Nimeitoa chumbani kabisa. Nimepata ya leza, gramu 150, nikaweka aina ya karatasi kwenye draiva na kwenye trei. Ukucha haubandui tena, hata nikikwangua. Rangi ilikuwa inasimamiwa mara mbili kweli, na programu na draiva. Nimeiachia programu peke yake. Nyuso zimerudi kuwa nyuso. Bahari bado ina zambarau kidogo. Nimepunguza majenta kwenye bluu peke yake, nikatoa vipande vinne vya majaribio kwenye shuka moja, nikachagua cha tatu. Chembe za angani zimepungua, hazijaisha.

Nauliza: zile 300 nizipeleke wapi?

Mchora_Ramani
Kwenye mtambo wa ofseti, ule unaochapa kwa sahani, kurasa zote za kalenda zichapwe kwa pamoja. Kwa idadi ya mia tatu uliza na digito pia, ile inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili, bei zinakaribiana hapo, wakati mwingine digito inashinda. Wewe chapisha nakala moja nyumbani, mteja aisaini, uende nayo kama kielelezo. Mwambie mchapaji asifuate kioo chake, afuate shuka hiyo, na umwombe naye akutolee jaribio moja kwenye karatasi atakayotumia.

KakaWaLikoni
Basi mtumba wa Kariakoo usubiri. Ukipata shule ishirini zinazoagiza mabango kila muhula, tuzungumze tena. Kwa sasa hiyo uliyonayo inatosha. Usiichomeke kwenye UPS ya kompyuta lakini, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika. Fyuza ikiwaka inavuta zaidi ya wati 1,000 kwa mpigo na UPS ndogo haihimili.

BintiMkwakwani
Nimeitoa kwenye UPS sasa hivi, asante. Nimeamua: mabango na nakala za kielelezo nitafanya hapa, kalenda 300 zinakwenda kwa mchapaji. Lakini vile vipande vya majaribio vimenionyesha kitu sikukiona mwanzo. Kuna nukta ya waridi inayojirudia upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Fundi, hiyo ni mashine imekufa?

Fundi_Tona
Haijafa. Chukua rula, pima kutoka nukta moja hadi inayofuata. Kila kitu kinachozunguka ndani kinaacha alama kwa mzunguko wake. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 inarudia kila milimita 94 hivi. Kitabu cha mashine yako kina jedwali la umbali huo.

BintiMkwakwani
Milimita 94. Kwenye shuka ya sayani, njano na nyeusi haipo. Kwenye majenta ipo.

Fundi_Tona
Basi ni dramu ya majenta, na kwenye mashine nyingi za katriji nne kama yako dramu imo ndani ya katriji. Badilisha hiyo moja, tatu zilizobaki usiziguse. Ya zamani ukiitoa ifunge kwenye mfuko, na unga ukimwagika futa kwa kitambaa kikavu, kisha maji baridi. Maji ya moto yataugandisha. Ukimaliza, acha mashine ipate moto, iamuru ijisawazishe rangi, halafu rudia vile vipande vinne. Kile cha tatu huenda kisiwe ndicho tena.