Kuhamia Japani na familia: mtaani mgeni anakubalika vipi?

Safari_Aprili
Wakuu, salaam. Aprili nahamia Hamamatsu kikazi, na mke na mtoto wa miaka sita. Viza ziko tayari. Nasikia hata ukae miaka ishirini, kwao unabaki mgeni tu. Ni kweli, au kuna mambo watu hawayafanyi?

JiraniWaPili
Karibu mkuu. Yote mawili ni kweli. Utafiti wa Wizara ya Sheria uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa karibu asilimia 39 ya wageni waliotafuta nyumba ndani ya miaka mitano walikataliwa kwa sababu tu ni wageni. Huo ni ubaguzi, tusiupake rangi. Ila mtaani unapimwa kwa mambo machache, na unapimwa mapema.

Wiki ya kwanza piteni mchana kuwasalimia majirani. Kama mmepanga nyumba ya peke yake, desturi ni nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni. Kama ni ghorofa, milango ya kulia na kushoto, kisha wa juu na wa chini. Beba kizawadi cha yen 500 hadi 1,000, taulo au biskuti za paketi. Usizidishe, maana zawadi kubwa inamwachia mwenzako deni la kukurudishia. Sema mna mtoto mdogo, na liseme kabla hajaanza kukimbia sakafuni.

Halafu taka. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kila aina ina siku yake, miji mingi ina mifuko yake maalumu, na unatoa asubuhi ileile, kwa kawaida kabla ya saa 2. Ukikosea, wazoaji wanabandika karatasi kwenye mfuko na kuuacha. Kituo chenyewe cha kuwekea taka mara nyingi husafishwa na wakazi kwa zamu, kwa hiyo mfuko wako unamwangukia jirani wa zamu, na kunguru wameshautoboa. Chuki nyingi dhidi ya wageni zinaanzia hapo. Ukishaweka mfuko, rudisha juu yake wavu wa kuzuia kunguru na ubane kingo.

Jumuiya ya mtaa, chonaikai, ni hiari. Mahakama ya Juu ilishaamua 2005 kwamba mwanachama anaweza kujitoa. Wewe jiunge, ada huwa ni yen mia chache kwa mwezi. Mtaletewa kairanban, jalada la matangazo linalozunguka nyumba kwa nyumba. Piga picha kurasa, weka alama kwenye jina lako, mpelekee anayefuata siku hiyohiyo au kesho yake. Ukilala nalo wiki nzima, mtaa wote unajua limekwama kwa nani.

FomuNaMuhuri
Naongezea la ofisini. Mkishapata makazi mna siku 14 za kuandikisha anwani kwenye ofisi ya manispaa, na itaandikwa nyuma ya kadi ya ukaazi. Nendeni wote na kadi zenu na pasipoti. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa viwe na tafsiri ya Kijapani, ili mke na mtoto waandikwe kwenye kaya kwa uhusiano wao halisi.

Jambo linalosumbua watu wetu ni jinsi majina yetu yanavyoandikwa. Kadi inafuata pasipoti, lakini benki inataka katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Salim anaweza kuandikwa Sarimu au Sariimu. Benki ikiandika hivi na mwajiri vile, mshahara unarudi ulikotoka, kwa sababu majina hulinganishwa herufi kwa herufi. Chagueni tahajia moja kabla ya kufungua akaunti, mkaitumie kila mahali: manispaa, benki, simu, kazini.

Safari_Aprili
Shukrani sana. Na shule, watatuita wenyewe?

MamaWaDarasa
Usisubiri kuitwa, ndugu yangu. Sheria ya elimu ya lazima inawahusu raia. Mtoto wa kigeni anapokelewa bure shule ya serikali, ila mzazi ndiye anayeomba. Ndiyo maana uchunguzi wa Wizara ya Elimu wa 2019 ulikuta takriban watoto 20,000 wa kigeni ambao huenda hawakuwa shuleni.

Aliyetimiza miaka sita kufikia Aprili 1 anaanza darasa la kwanza mwezi huohuo. Siku ya kuandikisha anwani, ulizia hapohapo dirisha la bodi ya elimu na uombe msaada wa lugha. Hamamatsu wana uzoefu, maana familia nyingi za Wabrazili zilihamia huko baada ya mabadiliko ya sheria ya uhamiaji kuanza kutumika 1990. Vitabu ni bure. Nguo za michezo na begi, tenga hela.

Mkeo asikwepe zamu za wazazi, kama kusimamia watoto kivukoni, hata Kijapani kikiwa kidogo. Pale ndipo anapofahamika kwa jina. Madarasa ya lugha ya watu wa kujitolea, ya bei ndogo au bure, aulizie kwenye chama cha mahusiano ya kimataifa cha mji.

FomuNaMuhuri
La mwisho. Ukaazi wa kudumu kwa kawaida ni baada ya miaka 10, nao hauleti haki ya kupiga kura za kitaifa. Uraia utakudai uache wa kwako, na kama ni Mtanzania, kwetu pia mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Kwa ukaazi wataangalia kodi, bima ya afya na pensheni, na si kwamba ulilipa tu, bali ulilipa kwa tarehe. Wengi wanakwama wakibadilisha kazi: bima ya kampuni inakatika, ya manispaa hawajajiandikisha. Ukiacha kazi na huna nyingine tayari, nenda manispaa ndani ya siku 14.