Mvua imeanza: nifume na peloti mpya za uzi, nguo ya chaguwa (mitumba) ya kufumua, ao pamba?

mama_kabare
Jambo wote. Mwezi wa 9 umefika, huku Kabare mvua imekwisha kunyesha mara 3, na mikono inaniwasha kushika sindano. Shida ni kwamba ni wakati wa kupanda maharagi: mchana jembe, usiku nafuma nusu saa hivi kabla usingizi haujanibeba. Nataka kuanza vitu 2. Mpira wa baridi (sweta) wa kijana wangu wa miaka 8, maana akienda shule asubuhi ukungu bado umelala njiani. Na kofia za mtoto ambaye mdogo wangu atazaa mwezi wa 11. Ninunue peloti mpya soko la Kadutu, Bukavu? Nifumue mpira mkubwa wa chaguwa? Ao nichukue pamba kwa sababu ya mtoto?

fundi_kadutu
Mama, mbele ya kuuliza uzi gani, uliza nani ataufua. Sokoni kila uzi wanauita lene, hata ule ambao haujawahi kuona kondoo. Mwingi ni akriliki, uzi wa plastiki. Si vibaya: unasuguliwa na sabuni yoyote, unakauka mbio hata siku jua linapojificha. Kwa kijana wa shule, mimi sifikiri mara 2. Sufu ya kweli ina joto kuipita, hata ikishika unyevu, lakini mtu akiisugua ndani ya maji ya moto siku moja tu, basi. Nilimfumia bwana yangu mpira, sindano namba 4, miezi 2 ya kazi. Dada aliyekuwa ananisaidia nyumbani akataka kunifurahisha, akaufua. Niliutoa ndani ya beseni mgumu kama kapeti, unamtosha mtoto wa miaka 4.
Na peloti zote uzinunue siku moja. Karatasi yake ina namba ya rangi na namba ya mpiko, yaani nyuzi zilizopikwa rangi pamoja. Mpiko ukibadilika, mkono mmoja wa mpira utakuwa na buluu yake peke yake.

yaya_lushi
Mnanichekesha na ukungu wenu. Huku Lubumbashi sasa ni joto la kukaanga yai, baridi yetu ilikuwa mwezi wa 6 na wa 7. Naanza na pamba: haiwashi ngozi, maji ya moto haiyaogopi. Ila kofia ya pamba inalegea, mwishowe inamfunika mtoto macho. Kwa Kabare siishauri.

ndosho_goma
Chaguwa! Lakini kwa akili. Geuza mpira ndani nje, uangalie mshono wa pembeni. Ukiona ukingo safi, vitanzi vimefungana kama mnyororo, nunua. Ukiona ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba nyingi, rudisha: mashine ilikata kitambaa, kila mstari utakutokea kama kipande chake, na utafunga mafundo mpaka Noeli.
Ukishanunua, chomoa uzi kidogo, uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakavunjika mkononi, ni sufu. Ukiyeyuka na kubaki kidonge kigumu, ni akriliki, na mvaaji asikae karibu sana na mbabula. Uzi wa mchanganyiko unadanganya kidogo.
Fumua kuanzia shingoni. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali 4, ulowanishe, uutundike. Usiruke hapo. Uzi uliojikunja kama tambi unaharibu vipimo.
Sindano nazo, mama yangu alinifundisha na vyuma vya gurudumu la baiskeli. Chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, haikusaidii, gurudumu lake ni mbao 😄

fundi_kadutu
Hapo kwa vipimo, yaya wa Ndosho amesema kweli. Fuma kipande cha sentimita 10 kwanza. Tuseme unataka mbele sentimita 35, na karatasi inasema vitanzi 22 kwa sentimita 10: unaanza na 77. Mkono wako ukiwa mlegevu, ukatoa 20, hivyo hivyo 77 vinakupa 38 na nusu. Mbele na nyuma, umezidisha sentimita 7.

mama_kabare
7 si neno, mtoto anakua 😂

fundi_kadutu
Anakua kwenda juu, mama, si pembeni.

yaya_lushi
Mimi ningeanza na kofia. Unaweza kuiacha katikati ya mstari, ukakimbiza mbuzi, ukarudi. Kwenye mpira, ukifika shingoni, ukiitwa unasahau umepunguza vitanzi vingapi. Andika kwenye karatasi.

mama_kabare
Aksanti sana. Nilishuka soko la Mudaka. Mpira wa kwanza wa chaguwa ulikuwa umekatwa pembeni, vile vile alivyosema yaya wa Ndosho. Wa pili, wa kijani, mshono wake mzuri; nilichoma uzi nyuma ya nyumba, bwana akauliza kuku gani anaungua. Sufu! Huo nitaufanya kizibao changu mwenyewe, na beseni yake hakuna mtu ataigusa. Kijana nimemchukulia akriliki ya buluu, peloti 4 za mpiko mmoja, uzi utakaobaki, kofia. Kipande cha kupimia kilinipa vitanzi 21 kwa sentimita 10. Kofia ndiyo iko mkononi, mistari 11, na mama mkwe anapiga hodi na kikapu cha mbegu.

ndosho_goma
Usisahau kuziba ncha za sindano na kizibo, vitanzi visitoroke.