Unga wa GMO ukipungua shilingi 20, utaununua?

Wadau, leo tusianze na kama GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) ni sumu au la. Mimi nina swali la dukani. Pakiti 2 za unga wa kilo 2 ziko kwenye rafu, moja imeandikwa GMO na imepungua shilingi 20. Mkono wako utaenda wapi?

Jirani yangu anashikilia kwamba Wakenya walishajibu zamani, hawaitaki. Sikubaliani naye. Mwaka 2003 watafiti waliwahoji watu 604 hapa Nairobi. Waliowahi kusikia habari za GMO hawakufika nusu, ila asilimia 68 walisema wangenunua unga huo ukiuzwa bei sawa na ule wanaoupenda. Kisha Novemba 2012 baraza la mawaziri likapiga marufuku uagizaji wa GMO, kwa sababu ya utafiti wa Ufaransa uliodai panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe, utafiti ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata. Oktoba 2022 marufuku ikaondolewa, watu wakakimbilia kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uagizaji. Katika vuta nikuvute hiyo yote, hakuna aliyetuwekea zile pakiti 2 tuchague.

Mtaniambia lebo itatatua. Kweli, kanuni zetu zinataka bidhaa yenye GMO kupita asilimia 1 iandikwe. Lakini lebo ya gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi, inabandikwa wapi? Sokoni mama anachota mahindi, anasawazisha kwa kiganja, anakumwagia mfukoni. Mteja anayejua mambo huokota punje akaiuma asikie kama imekauka, akanusa uvundo, ndipo aende posho mill. Na ana sababu: mwaka 2004 sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa nchi, wengi wao Makueni na Kitui. (Hata pua yenyewe si ya kutegemewa, sumukuvu inaweza kuwepo bila harufu.) Sasa GMO utaiuma au utainusa vipi?

Kwa hiyo naona lebo itamfaa wa supamaketi, mwenye nafasi ya kuongeza pesa ili aikwepe. Wa gorogoro atakula kilichopo, halafu ataandikwa kwenye ripoti kuwa "amekubali". Hapo ndipo nina ugomvi. Julai 2022 pakiti ilipofika shilingi 205, kabla serikali haijaishusha hadi 100, nani alikuwa na muda wa kusoma maandishi madogo? Mtu akinunua kwa kuwa hela imeishia hapo, tunasema amechagua?

Wa gorogoro wenzangu, mngetaka muuzaji atenge magunia 2, hata kama lile lisilo la GMO litapanda shilingi 10 kwa gorogoro? Na nyinyi wa supamaketi, tajeni kiasi mngeongeza, kwa shilingi. Wale wa "wazungu wanatumaliza", karibuni pia, ila mje na hoja.